Kasino za Mtandaoni: Faini Isiyo Fidia

Sheria, husemwa, ni msumeno. Hukata mbele na nyuma. Katika suala la kamari, msumeno huo nchini Kenya umekuwa ukikata upande mmoja. Mara kwa mara maafisa wa utawala huvamia masoko na vituo vya biashara mashambani, wakazikusanya mashine za kamari zilizowekwa vibandani na katika vilabu vya pombe, wakazirundika uwanjani mbele ya umati na kuzitia moto. Picha hupigwa. Chifu hutoa hotuba juu ya watoto wanaotoroka shule na waume wanaoacha sarafu zote mle. Moshi ukishatulia, kijana aliyekuwa akitazama hutoa simu mfukoni, akafungua mchezo wa aina ile ile, wenye magurudumu na taa zile zile, akatia shilingi 20. Mashine hii ya pili haina kibanda wala mwenye kibanda, na kiberiti cha chifu hakiifikii.

Kiswahili kina neno lake kwa mtu aliyeshindwa katika kamari: ameliwa. Neno hili lina hekima yake. Palipo na aliyeliwa pana mlaji, na adhabu ya haki haina budi kumtafuta mlaji huyo na kuuliza kilichomo tumboni mwake ni cha nani. Makala haya yanashikilia kwamba udhaifu wa adhabu zinazotozwa kasino za mtandaoni hautokani na udogo wa faini peke yake. Unatokana pia na kuchanganywa kwa mambo matatu ambayo lugha imeyatenga waziwazi: ada, faini na fidia. Ada hutolewa ili mtu aruhusiwe kutenda. Faini hutozwa na dola kwa aliyetenda alilokatazwa. Fidia hulipwa kwa aliyedhurika. Faini iliyo ndogo kuliko faida ya kosa hugeuka kuwa ada tu, iliyocheleweshwa kidogo. Na faini isiyoandamana na fidia humwacha aliyeliwa pale pale alipokuwa, hata magazeti yakitangaza kwamba sheria imechukua mkondo wake.

Kwa nusu karne na zaidi Kenya iliongozwa na Sheria ya Kamari, Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 1966, ambayo ni Sura ya 131 ya sheria za nchi. Waliotunga sheria ile waliiona kasino kuwa jumba: lina mlango, lina meza, lina meneja anayeweza kushikwa mkono na askari. Faini zake zilihesabiwa kwa maelfu ya shilingi. Kwa mchezesha pata potea wa kituo cha mabasi, au kwa mwenye kibanda chenye mashine moja, maelfu hayo yalikuwa msiba. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Ilipozuka huduma ya M-Pesa mwaka 2007, na baada yake kampuni za kubeti zinazopokea dau kwa njia ya simu, sheria ilikuwa ingali ikitafuta mlango wa jumba. Isitoshe, michezo ya kasino ilijificha chini ya paa la ubashiri wa kandanda. Anayefungua ukurasa kutabiri matokeo ya mechi hukuta pembeni kile kindege cha Aviator kikipaa, na kiasi kinachoweza kushindwa kikipanda nacho, hadi kinapotoweka ghafla na kuondoka na dau. Hapo hapana timu wala mwamuzi, na ujuzi wa soka hausaidii kitu. Ni kasino, lakini mchezaji hakuona mlango alipoingia.

Pigo kubwa zaidi lililowahi kuzipata kampuni za kamari nchini lilitokea mwaka 2019. Mwezi wa Julai mwaka huo serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, zikiwemo SportPesa na Betin, kwa hoja kwamba hazikuwa zimetimiza wajibu wao wa kodi. Kampuni zenyewe zilipinga madai hayo. Safaricom iliagizwa kuzifunga nambari zao za Paybill. Kufikia mwisho wa Septemba, SportPesa na Betin zilikuwa zimetangaza kusitisha shughuli zao nchini. Klabu za Gor Mahia na AFC Leopards zilijikuta hazina mfadhili.

Tukio hilo lilidhihirisha jambo ambalo mawakili wa nchi tajiri wamelitafuta kwa miaka mingi bila kulipata kwa urahisi namna hiyo. Nchini Kenya, pesa za kamari hupita katika mlango mmoja mwembamba, na ufunguo wa mlango huo umo mikononi mwa kampuni za simu zenye leseni ya serikali. Waziri hakuhitaji kumsaka mtu yeyote visiwani. Barua moja ilitosha.

Lakini na itazamwe barua hiyo iliandikwa kwa sababu gani. Ugomvi wa 2019 ulikuwa juu ya kodi. Haukuwa juu ya mtoto wa shule aliyeruhusiwa kucheza kwa nambari ya simu ya nduguye, wala juu ya mchezaji aliyeomba afungiwe nje akaendelea kutumiwa ujumbe wa kumrudisha. Historia ya viwango vya kodi yenyewe inasimulia kisa hiki vizuri kuliko hotuba yoyote. Mapato ya kampuni yalitozwa asilimia 35 kuanzia Januari 2018; kabla ya mwaka kwisha kiwango kikateremshwa hadi 15. Mwaka 2019 ukawekwa ushuru wa asilimia 20 juu ya dau. Mwaka 2020 ukaondolewa. Mwaka 2021 ukarudishwa kwa asilimia 7.5, kisha ukapandishwa tena katika miaka iliyofuata. Huu si mwendo wa hakimu anayepima uzito wa kosa. Ni mwendo wa mbia anayebishania mgawo wake, na mbia hawezi kuwa mkali sana kwa biashara inayomlisha.

Marekani ndiko suala hili lilikojaribiwa kwa nguvu zaidi, na kisa chake kinastahili kuangaliwa kwa utulivu, kwa maana kinapendwa kutajwa nusunusu. Mwanzoni adhabu iliwapata wale tu waliothubutu kukanyaga ardhi ya nchi hiyo. Jay Cohen, Mmarekani aliyekuwa akiendesha biashara ya kamari ya michezo kutoka Antigua, alirudi nyumbani kwa hiari kujitetea. Mwaka 2000 akatiwa hatiani kwa sheria ya nyaya za simu ya mwaka 1961 na kuhukumiwa kifungo cha miezi 21. David Carruthers, mkuu wa kampuni ya BetOnSports, alikamatwa Julai 2006 akiwa anabadilisha ndege Dallas, safarini kutoka Uingereza kwenda Costa Rica. Wakuu wengine walijifunza upesi: walibadili njia za safari zao, na biashara ikaendelea kama kawaida.

Oktoba 2006 Rais George W. Bush alitia saini sheria iliyobadili shabaha. Sheria hiyo ya kamari ilipitishwa bungeni ikiwa imebandikwa kwenye mswada wa usalama wa bandari, jambo linaloonyesha kwamba magendo hayafanyiki baharini tu. Haikumgusa mchezaji. Ilimkataza mwenye biashara ya kamari haramu ya intaneti kupokea malipo, na ikaweka kifungo cha hadi miaka mitano kwa atakayekaidi. Kampuni kadhaa zilijiondoa. Zilizobaki, kwa mujibu wa mashtaka yaliyofichuliwa New York tarehe 15 Aprili 2011 dhidi ya watu 11, zilizipitisha pesa za wachezaji benki zikiwa zimevishwa joho la biashara nyingine: maduka yasiyokuwepo, yaliyodai kuuza vito na mipira ya gofu. Tovuti za PokerStars, Full Tilt Poker na Absolute Poker zilitwaliwa. Wacheza poka waliibandika siku hiyo jina la Ijumaa Nyeusi.

Mlango ulipofungwa ndipo lilipoonekana lililokuwa nyuma yake. Waendesha mashtaka walieleza kwamba mwishoni mwa Machi 2011 Full Tilt ilikuwa na deni la takriban dola milioni 390 kwa wachezaji wake kote duniani, ilhali benki ilikuwa na dola milioni 60 hivi. Tangu mwaka 2007, zaidi ya dola milioni 440 zilikuwa zimelipwa wakurugenzi na wamiliki. Pesa ambazo mchezaji alizisoma kwenye kioo cha kompyuta yake kuwa ni zake zilikuwa zimekwisha kuliwa kabla hajazichezea.

Julai 2012 PokerStars ilikubali, bila kukiri kosa, kutoa dola milioni 731 na kuichukua Full Tilt. Kati ya hizo, milioni 184 zilitengwa kwa ajili ya wachezaji wa nje ya Marekani waliokuwa wakiidai Full Tilt. Wachezaji wa Marekani wenyewe walianza kulipwa Februari 2014, kutokana na fedha zilizotwaliwa na serikali. Miezi michache baadaye, mwaka huo huo wa 2014, kampuni iliyoimiliki PokerStars iliuzwa kwa dola bilioni 4.9. Mwaka 2016 jina hilo lilirejea New Jersey kwa mlango wa mbele, likiwa na leseni. Mwasisi wake, Isai Scheinberg, alijisalimisha mwaka 2020. Mahakama ikaona muda aliokwisha kushikiliwa unatosha, ikamtoza faini ya dola 30,000.

Basi adhabu ile kubwa, iliyotajwa kila mahali kuwa mfano wa ukali wa dola, ilimfanya nini mlaji? Ikipimwa kwa bei ya mauzo, dola milioni 731 hazikufika sehemu ya sita. Ikipimwa kwa vifungo, mwasisi hakufungwa baada ya hukumu. Kwa vipimo hivyo viwili, ilikuwa ada. Lakini kipo kipimo cha tatu, nacho ndicho kinachoitofautisha kesi hii na nyingi nyingine: watu waliokuwa wamepoteza matumaini walirudishiwa pesa zao. Dola ilizikamata fedha, ikawatafuta wenyewe, ikawalipa. Hicho ndicho kitu cha kuiga kutoka New York, wala si ukubwa wa tarakimu.

Waingereza nao wamefika karibu na jambo hili kwa njia nyingine. Tangu mwaka 2014 sheria yao humdai leseni yeyote anayemchezesha mkazi wa Uingereza kamari, hata kama ofisi yake iko ng'ambo. Machi 2023 Tume ya Kamari ya huko iliafikiana na makampuni ya kundi la William Hill kwamba yalipe pauni milioni 19.2. Miongoni mwa makosa yaliyotajwa, mteja mmoja alifungua akaunti mpya na kutumia pauni 23,000 katika muda wa dakika 20 bila mtu yeyote kumuuliza lolote. Malipo ya mapatano ya namna hiyo huelekezwa kwenye shughuli za kupunguza madhara ya kamari, wala hayamezwi na bajeti ya serikali. Hiyo bado si fidia kamili, lakini angaa inamkumbuka aliyeliwa.

Ikumbukwe pia kwamba zipo nchi zinazoishi kwa kuwapa walaji makao. Mwaka 2023 Malta ilitunga kifungu kinachozitaka mahakama zake zikatae kutambua hukumu za kigeni dhidi ya kampuni za kamari zenye leseni yake, iwapo hukumu hizo zinapingana na uhalali wa huduma ambayo leseni hiyo imeiruhusu. Antigua na Barbuda, kwa upande wake, iliishtaki Marekani katika Shirika la Biashara Duniani mwaka 2003, ikauliza kwa nini kamari ya farasi iruhusiwe mtandaoni ndani ya Marekani na huduma za kisiwa zikatazwe. Antigua ilishinda, na mwaka 2007 ikaruhusiwa kulipiza kwa kiwango cha dola milioni 21 kila mwaka. Nchi inayodhani itaandika faini kali na kuituma kwa posta mpaka visiwani, kisha ingoje hundi, inajidanganya. Na nchi inayoruhusu nyumbani inachokiadhibu ugenini itaulizwa.

Ndiyo sababu hali ya Kenya inatia tumaini zaidi ya inavyodhaniwa. Agosti 2025 Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Udhibiti wa Kamari, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966 na kuunda Mamlaka mpya ya kusimamia sekta hii, pamoja na kamari ya mtandaoni. Miezi michache kabla yake, mwezi wa Aprili, Bodi ya zamani ilikuwa imesimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Sheria mpya ina mahali pa kushika, nao ni ule mlango mwembamba wa 2019. Mchezaji wa kawaida wa Kenya hana kadi ya benki ya kigeni; ana M-Pesa au Airtel Money. Kampuni isiyo na leseni ikinyimwa njia hiyo, imenyimwa hewa. Yenye leseni ikivunja masharti, fedha zake zilizomo katika akaunti ya malipo zinaweza kuzuiwa siku hiyo hiyo, kabla hazijavuka mpaka. Aidha, kumbukumbu za miamala zipo: tarehe, kiasi, nambari. Wale walioliwa na kampuni iliyokuwa ikicheza nje ya sheria wanaweza kujulikana mmoja mmoja na kurudishiwa dau zao kwa njia ile ile zilikopitia. Marekani iliwachukua wachezaji karibu miaka mitatu kuanza kulipwa. Kenya inavyo vyombo vya kulifanya jambo hilo kwa muda mfupi sana, ikitaka.

Watakuwepo wa kusema kwamba mlango ukifungwa watu watapita dirishani: sarafu za kidijitali, mitandao ya kuficha mahali alipo mtu. Ni kweli kwa wachache. Mwenye bodaboda anayetia shilingi 50 akisubiri abiria hatajifunza njia hizo ili atie shilingi 50. Wengine watasema mtu mzima ana hiari ya kutumia chake. Hoja hii ina uzito, na makala haya hayadai kamari ipigwe marufuku. Lakini hiari hudhani kwamba mtu ameelezwa anachokubali, na hapo ndipo suala hili linapobisha hodi katika idara za Kiswahili.

Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hata hivyo sheria ya 1966 iliandikwa kwa Kiingereza, na ya 2025 imeandikwa kwa Kiingereza. Masharti marefu ambayo mchezaji hubonyeza kuyakubali kwa kawaida huwa ya Kiingereza, tena cha mawakili. Tangazo, kwa upande wake, huja kwa Kiswahili kitamu na kwa Sheng, likiwa na utani na kibwagizo. Kumbe lugha imegawiwa kazi: Kiswahili cha kuitia, Kiingereza cha kukana. Hata uteuzi wa msamiati una hila yake. Neno "kamari", lililotoka Kiarabuni, lina harufu ya aibu ambayo kila mzazi wa pwani na bara anaijua. Kwa hiyo halitumiki. Badala yake yapo "kubashiri", "kubeti", "bahati", "ushindi", na mkeka, kitu cha kukalia na kupumzikia, ambao umekuwa jina la orodha ya mechi zitakazomla mtu. Mwanafunzi aliyeingiziwa mkopo wa HELB Jumatatu na kufikia Alhamisi hana nauli hakuwahi, katika mawazo yake, kucheza kamari. Alibashiri. Atajuaje kwamba kampuni iliyomla ilikuwa imevunja sheria, ikiwa sheria yenyewe haijawahi kusema naye?

Tanzania imetangulia hatua kadhaa hapa. Chombo chake cha usimamizi kinajiita kwa Kiswahili, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini humo. Hapa Kenya, Mamlaka mpya ingeweza kuanzia padogo: leseni isitolewe kwa kampuni ambayo masharti yake kamili hayasomeki kwa Kiswahili, na mkataba ambao mchezaji hakuweza kuusoma usitumiwe kumnyima dai lake. Fomu ya malalamiko iwe ya ukurasa mmoja. Ile haki ya mtu kuomba afungiwe asicheze tena ipewe jina ambalo mama wa Kibuye na mvuvi wa Kipini watalielewa bila mkalimani. Wanafunzi wa isimu wanaotafuta mada ya tasnifu wana kazi ya miezi sita hapo, na vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vina la kuiandikia Mamlaka kabla mawakili wa kampuni hawajamaliza kuiandikia lao.

Na katika kanuni za kuitekeleza sheria hiyo, neno "fidia" liandikwe mbele ya neno "faini": fedha zilizokamatwa kwa kampuni iliyovunja sheria ziwarudie kwanza waliotia dau, kwa nambari zao za simu, na Hazina ichukue kitakachosalia.